Kutoka maisha yako hadi riwaya ya ustahimilivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa wanaoandika riwaya wakiwa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, na wa wanafunzi wanaozisoma. Maswali mengi tunayoulizwa yana mzizi mmoja. Mtu amepita kwenye tabu, amevuka, anataka tabu ile iwe kitabu, lakini kila akiandika inatoka kama ushuhuda wa kanisani au barua ya kuomba msaada. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa sababu matatizo yenyewe hayalingani.

Ni lazima mwandishi awe amepitia mwenyewe anachokiandika?

Si lazima. Adam Shafi alizaliwa mwaka 1940, na riwaya yake ya Kuli inahusu mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, yeye akiwa mtoto. Uzito wa magunia yale hakuupata begani kwake. Haini, iliyotoka 2003, chimbuko lake ni jingine: alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini baada ya Sheikh Abeid Amani Karume kuuawa Aprili 1972. Mwandishi ni yuleyule na vitabu vyote viwili vinasimama.

Uzoefu hukupa vitu vitatu ambavyo mtafiti huvipata kwa jasho: namna kazi inavyofanywa na mikono, bei ya vitu, na maneno ambayo watu huyasema wakiwa wamechoka. Msuko wa hadithi haumo katika hivyo. Huo utautengeneza mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kuna tofauti gani kati ya tawasifu na riwaya inayotokana na maisha?

Katika tawasifu msomaji anakudai ukweli wa matukio. Katika riwaya anakudai mantiki. Shaaban Robert alivitenga: maisha yake aliyaandika katika tawasifu, lakini Kusadikika akaifanya nchi ya angani ambako watu wanaoleta mawazo mapya wanaishia gerezani. Aliyeandika hayo alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Uzoefu wake umo, ila umevaa nguo nyingine.

Ustahimilivu, uvumilivu na subira si kitu kimoja?

Kwenye kamusi vinakaribiana sana. Kwenye riwaya tunavitenganisha kwa makusudi. Mwenye subira anangoja, mvumilivu anabeba. Mstahimilivu anaendelea kufanya huku amebeba, kile ambacho vijana wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, wanakiita kukomaa. Kama mhusika wako anangoja na kulia kwa sura sita, umeandika riwaya ya subira. Hilo si kosa, lakini usishangae msomaji akisinzia.

Mhusika wangu anateswa sana, lakini wasomaji wangu wa kwanza wanasema hawaguswi. Kosa liko wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa. Chukua mswada wako, uhesabu katika sura tatu za kwanza ni mambo mangapi yanamtokea mhusika, na ni mangapi anayafanya yeye. Mara nyingi utakuta baba amekufa, mama anaugua, baba mdogo ameuza shamba, ada imekosekana, nyumba imeungua. Yote hayo yamemwangukia. Msomaji anamwona mtu anayeanguka, na mtu anayeanguka hana la kufanya zaidi ya kuanguka.

Ustahimilivu huonekana pale mtu anaporudia jambo gumu wakati njia ya kuliacha iko wazi. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: kazi inayorudiwa, na mlango wa kutokea.

Kwa kazi inayorudiwa, huku kwetu huna haja ya kubuni. Chukua ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi kipande chembamba, asubuhi na jioni, msimu wa mvua. Akikata kinene anaumaliza mwanzi mapema. Akiruka siku, kidonda kinakauka na utomvu unakoma. Ndani ya kitendo hicho kimoja kuna umahiri, kuna ratiba isiyosamehe, na kuna hasara ya kutegea. Chai ya Rungwe na Mufindi nayo hivyohivyo: majani mawili na chipukizi, na mchumaji anarudi kwenye mstari uleule kila baada ya siku 7 hadi 14, chai haijui kama mtoto wake analazwa. Viazi vya Umalila au Makete vina aina nyingine ya kurudia: kila msimu mkulima anajua fika kwamba dalali atataka gunia la lumbesa, lenye kilemba juu, na atalilipa kama gunia la kawaida. Anajua, na bado analima.

Ukishachagua kazi, ionyeshe angalau mara tatu. Mara ya kwanza ipe aya nzima au mbili, mhusika akijifunza na kukosea. Mara ya pili nusu aya, kukiwa na kizuizi kipya: mvua ya mawe, deni, kidole kilichokatika. Mara ya tatu mistari miwili tu, siku ile ambayo msomaji alidhani hataamka. Mistari hiyo miwili ndiyo itakayomliza. Ukiirefusha umeiharibu, na ukianza kueleza moyo wake ulivyojisikia umeiharibu zaidi.

Sasa mlango. Basi la Dar linapita barabarani pale kijijini alfajiri, nauli anayo mfukoni, na dada yake ameshamwambia duka linahitaji mtu. Bila basi hilo, kubaki kwake si uamuzi. Waandishi wengi hufunga milango yote wakidhani wanazidisha uchungu, kumbe wanamgeuza shujaa kuwa mfungwa.

Kuna la tatu ambalo husahaulika: anayekomaa, kuna mtu anamlipia. Mdogo wake ameacha shule ili yeye asome. Mke analala na njaa kwa sababu mbegu haziliwi. Andika deni hilo.

Nianzie wapi, nina kumbukumbu nyingi zisizo na mpangilio?

Nunua daftari moja kubwa la kaunta. Kila ukurasa uchore safu tatu: mwaka na majira, nilichokuwa nafanya kwa mikono, nilichokuwa nakitaka siku hiyo. Hisia usiziandike kwanza, zitakuja zenyewe. Jaza mistari 40, hata kama itakuchukua wiki tatu.

Halafu pitia na kalamu nyekundu, weka alama kwenye kila mstari ambapo ungeweza kuacha na hukuacha, au uliacha na ukarudi. Ukibakiwa na kumi, riwaya ipo. Ukibakiwa na mitatu, una hadithi fupi nzuri. Iandike hivyo, usiivute kama mpira.

Baada ya hapo nenda kwa watu wawili waliokuwepo. Usiwaulize walijisikiaje. Uliza vitu. "Shikamoo mama. Ile siku tunahama Igurusi, tulibeba nini mkononi na nini kilibaki?" Mama akianza na sufuria atafika kwenye machozi mwenyewe, na akiwa njiani atakupa maelezo ambayo wewe huwezi kuyabuni. Kama wawili hao wanapingana, furahi. Mgongano wa kumbukumbu ni sura nzima ya kitabu.

Niandike mambo jinsi yalivyotokea?

Hifadhi namna mambo yanavyofanyika: hatua za kazi, vipimo, muda. Mengine yote yana ruhusa ya kubadilika. Baba wadogo watatu wafanye mmoja, kwa sababu msomaji hawezi kuwashika wote na kila mmoja alifanya theluthi tu ya ubaya. Miaka kumi ibane iwe mitatu au minne. Tukio kubwa la mwisho lisogeze mbele ikiwa hadithi inachelewa kuwaka.

Bahati njema ndiyo ya kuiangalia kwa jicho kali. Labda ni kweli kwamba mtu usiyemjua alikulipia ada yote siku moja kabla ya mtihani. Kwenye maisha ni muujiza, kwenye riwaya ni mwandishi aliyechoka. Ukimwambia mhariri "ndivyo ilivyotokea", hujamjibu. Bahati mbaya inaruhusiwa kumwingiza mhusika kwenye shida. Bahati njema isimtoe, au imtoe kwa gharama mpya.

Mhusika mkuu amekuwa mtakatifu mno. Nifanyeje?

Ni wewe huyo, ndiyo maana. Mpe kosa moja ambalo wewe hukulifanya na kosa moja ambalo ulilifanya na hujawahi kumwambia mtu. Lile la pili litauma, na litafanya kazi.

Ni makosa gani ya miaka yanayowaaibisha waandishi wa mikoa yetu?

Mengi, na msomaji wa Makambako au Vwawa atayaona kabla ya mhariri wa Dar.

Mkoa wa Njombe ulitoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ulitoka Mbeya mwaka 2016. Mhusika wa mwaka 1995 hawezi "kusafiri kwenda mkoa wa Songwe". Mbozi ilikuwa Mbeya.

Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970 na ikakamilika 1975. Babu aliyeondoka Mbeya kwa treni mwaka 1963 hakuondoka kwa treni. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho chenye mahandaki na madaraja mengi, kwa hiyo kama mhusika wako alikuwa kibarua wa ujenzi, mpeleke huko.

Ada nayo ina mitego. Ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia 2016 sekondari za serikali hadi kidato cha nne zikawa bila ada. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada darasa la nne mwaka 2006 katika shule ya serikali ana walakini. Anayerudishwa kwa sababu ya michango, sare au dawati yuko sahihi kabisa. Msomaji mwenye miaka 18 leo hajui hofu ya asubuhi ya kuitwa majina ya wanaodaiwa ada. Usimtajie tu, mjengee.

Fedha kwa simu: M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo pesa ilisafiri kwa posta, au ndani ya bahasha aliyokabidhiwa dereva wa basi, na wasiwasi wa siku mbili njiani. Wasiwasi huo ni zawadi kwa mwandishi.

Kuhamishiwa vijijini kwa amri ni habari ya katikati ya miaka ya 1970. Vita vya Kagera ni 1978 na 1979, na ukali wa kukosa sabuni na sukari uliendelea hadi miaka ya 1980.

Bei za zamani usizitoe kichwani. Badala ya kuandika shilingi ambazo huna hakika nazo, tumia ulinganisho: debe ngapi za mahindi zilinunua blanketi moja, wiki ngapi za kuchuma chai zililipa viatu vya shule. Ulinganisho hauchakai, na humwambia msomaji zaidi ya tarakimu.

Baridi na mvua vina umuhimu gani, si mandhari tu?

Kwetu mandhari ndiyo kalenda ya hadithi. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi, Kyela haifiki hata robo ya hapo, na umbali kati yao kwa macho ni mdogo. Kuandika "baridi kali ya Mbeya" kwa kila kijiji ni uvivu. Juni na Julai, Njombe na Makete umande unaganda. Ukipita kwenye shamba la viazi saa nne asubuhi majani yameanza kuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Tukuyu mvua haina adabu ya msimu. Kyela joto, mpunga na kakao, na masika mito inapanda. Mhusika anayetoka Matamba kushuka Chimala kwa zile kona, amevaa makoti mawili alfajiri, akifika chini amebeba yote mkononi. Hapo umeandika mwinuko bila kuutaja.

Angalia pia majira na kazi. Mahindi ya nyanda za juu yanapandwa mvua za Novemba zikianza na hukaa shambani miezi mingi kuliko ya pwani. Kwa hiyo Januari na Februari ni miezi ya njaa na palizi kwa pamoja. Weka jaribu kubwa la mhusika hapo, si Julai ghala likiwa limejaa.

Nichanganyeje Kinyakyusa, Kihehe au Kikinga na Kiswahili?

Salamu, shukrani na mshangao viache vilivyo, maana yake ijibiwe na kinachofuata. Hivi:

"Kamwene, bibi."
"Kamwene. Umechelewa mwanangu, mvua itakukuta Ifunda."

Hakuna aliyehitaji tafsiri. Vivyo hivyo "ndaga fijo" ya mtu aliyepokea kikapu cha ndizi. Sentensi nzima za lugha ya nyumbani zisizidi moja au mbili kwa sura, na ziwe mahali ambapo mhusika kweli angeishiwa Kiswahili: msibani, kwenye ugomvi, akimnong'oneza mtoto. Msimulizi abaki na Kiswahili sanifu. Lafudhi usiigize kwa kubadilisha r na l kila mstari. Mara ya kwanza inachekesha, mara ya kumi inamdhalilisha mama yako mwenyewe.

Ndugu zangu wakijitambua kwenye kitabu?

Watajitambua, hata ambao hawamo. Kubadili jina peke yake hakumfichi mtu: badili angalau vitu vitatu kati ya kazi, kijiji, idadi ya watoto, umbo, na mwaka wa tukio. Kama mtu bado anatambulika na unamhusisha na wizi, uchawi au kosa la jinai, unagusa kashfa, na mstari usemao "wahusika ni wa kubuni" hautakukinga peke yake.

Barua za watu nazo ni mtego. Karatasi ni yako, maneno ni ya aliyeandika. Omba ruhusa au andika barua mpya yenye roho ileile.

Kila nikiandika sura ya msiba natetemeka na kuacha. Niendelee tu?

Usilazimishe. Andika tukio hilo kwa nafsi ya tatu, kupitia macho ya mtu mwingine aliyekuwepo: jirani aliyeleta kuni, kijana aliyechimba kaburi. Dakika 20, kisha funga daftari ufanye kazi ya mikono. Kama usingizi unapotea kwa wiki nzima, acha sura hiyo, ongea na mtu unayemwamini au mhudumu wa afya. Kitabu kitangoja. Kwa familia ambazo ugonjwa uliondoa kizazi kizima, kama wengi wa Makete wanavyojua, jeraha huwa si la mtu mmoja, na ndugu wana haki ya kusema bado.

Nahitaji muda gani na maneno mangapi?

Riwaya ya maneno 50,000 inatosha kabisa. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 20. Ukianza Juni baada ya kuvuna unamaliza rasimu katikati ya Oktoba, kabla ya mvua kukuita shambani. Wanaoanza Desemba hukwama kwenye palizi na kudhani wamekosa kipaji.

Usirudi nyuma kusahihisha kabla ya kufika mwisho. Ukiandika kwa simu, jitumie nakala kwa barua pepe kila Jumamosi. Simu huanguka mtoni. Ukiandika kwenye daftari, piga picha kila ukurasa.

Lazima mhusika ashinde mwishoni?

Hapana, lakini lazima kitu kiwe kimebadilika na msomaji akione. Mwisho dhaifu kuliko yote ni ule wa miaka ishirini baadaye, gari jeupe linaingia kijijini, aliyedharauliwa anashuka na wote wanaomba radhi. Tumeusoma mara nyingi mno. Jaribu kumaliza na ile kazi ya kurudia: inafanywa na mtu mwingine, au anaifanya yeye kwa namna mpya, au anaiacha kwa hiari.

Kwenye mtihani naulizwa maisha ya mwandishi yalivyoathiri kazi yake. Nijibuje?

Kosa la kawaida ni kuandika wasifu nusu ukurasa kisha kutaja dhamira bila kuziunganisha. Fanya kwa jozi: jambo moja la hakika la maisha, kipengele kimoja cha fani au maudhui kinachotokana nalo, na mfano kutoka kitabuni. Jozi tatu zilizokamilika zinashinda orodha ya kumi. Pia usimwite msimulizi kwa jina la mwandishi, hata anaposema "mimi". Na onyesha mahali ambapo mwandishi ameachana na maisha yake, maana hapo ndipo ubunifu unapopimwa.

Rasimu imekamilika. Inafuata nini?

Iweke kando wiki nne. Kisha ipe wasomaji watatu: mmoja anayeijua kazi uliyoielezea, mmoja asiyewahi kufika huku, na mwalimu wa Kiswahili. Waulize swali moja tu: ulichoka ukurasa gani?

Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, na hudumu uhai wako na miaka 50 baada ya kifo chako. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hukusaidia kuthibitisha kukizuka mzozo. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu yenye tarakimu 13, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kinataka yake. Kabla ya kuchapa, angalia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma tangazo la mwaka husika, urefu wa mswada na tarehe visikuponyoke.

Ukichapa mwenyewe, kumbuka mtambo mkubwa mara nyingi hukunja kurasa 16 kwa pamoja, nazo huitwa fomu moja. Maneno 50,000 kwa ukubwa wa A5, kama 300 kwa ukurasa, ni kurasa 167. Ukiongeza za mwanzo panga 176, yaani fomu 11 kamili. Ukiwa na 178 utalipia fomu ya kumi na mbili ambayo karibu yote ni tupu. Nakala ya majaribio ikirudi kutoka kwa mchapaji, anza kukagua kurasa zenye miaka na majina ya vijiji. Huko ndiko makosa hujificha, na huko ndiko msomaji wa nyumbani atakakotazama kwanza.